Gare ya Kolwezi: njia iliyoleta watu, njia iliyowaondoa

KOLWEZI. Kila asubuhi, mbele jua halijawa kali, kambo mmoja anatandika gunia lake pembeni ya reli, si mbali na gare ya Kolwezi. Anapanga karanga kwa vikopo, mihogo na viazi vitamu. Wateja wake ni vijana wa taksi-moto, wanafunzi, na wachimbaji wa mikono wanaorudi kutoka shimoni na vumbi la shaba kwenye nguo. Hakuna anayenunua karanga zake ili azile ndani ya treni. Miaka imepita tangu wasafiri wajae hapo na mizigo yao kama zamani. Anayetaka kwenda Likasi ao Lubumbashi anapanda basi. Anayesafirisha shaba anatumia lori.

Lakini gari la moshi la mizigo likipita, kambo huyo huinua kichwa na kuhesabu mabehewa mpaka la mwisho. Ni tabia aliyoachiwa na baba yake, ambaye alikuwa mfanyakazi wa njia ya reli. Kazi yake ilikuwa kutembea juu ya njia, kukaza skrubu na kubadilisha mataruma yaliyooza. Jioni alikuwa akiwauliza watoto treni ya siku ile ilikuwa na mabehewa mangapi. Aliyejibu vizuri alipewa kipande cha mkate.

Ukitaka kufahamu kwa nini mama mwenye umri huo bado anahesabu mabehewa, ni lazima uanze mbali kidogo.

Reli ilifika katika Katanga kutoka kusini. Mwaka wa 1910 treni ya kwanza iliingia Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, ikitoka upande wa Rodezia kwa kupitia Sakania. Mwaka wa 1918 njia ikafika Bukama, kando ya mto Lualaba. Mwaka wa 1928 kampuni ya reli iliyojulikana kwa jina la BCK ikamaliza njia ya kutoka Bukama mpaka Port-Francqui, ambayo sasa ni Ilebo, na mfalme Albert wa Ubeleji akaja kuizindua. Tangu siku hiyo Katanga na Kasai zilifungwa kwa chuma. Mtu aliweza kupanda treni Kananga, wakati huo ikiitwa Luluabourg, na kushuka katika nchi ya shaba.

Njia ya Kolwezi ni tawi lingine. Inaanzia Tenke na kuelekea magharibi mpaka Dilolo, kwenye mpaka wa Angola. Huko inakutana na reli ya Benguela, ambayo ilijengwa kwa ruhusa aliyopewa Robert Williams mwaka wa 1902 na inayoteremka mpaka bandari ya Lobito, kilomita zaidi ya 1,300. Njia zote mbili ziliungana mwaka wa 1931. Ni vizuri kukumbuka mfuatano wa mambo: Kolwezi kama mji ilizaliwa mwaka wa 1937 tu, Union Minière ilipoweka hapa makao ya migodi yake ya magharibi. Reli ilikuwa imekwisha kupita. Mji ndio uliokuja kuifuata reli na shaba.

Na watu wakafuata. Union Minière na kampuni ya reli zilihitaji mikono mingi kuliko ile iliyopatikana katika vijiji vya karibu. Ziliandika wafanyakazi mbali: katika Lomami, katika Kasai, hata Ruanda na Urundi. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni zilibadilisha mpango. Badala ya kuleta mwanaume peke yake kwa miezi michache, zilimruhusu kuja na bibi yake, zikampa nyumba kambini, posho ya unga, na shule kwa watoto. Zilitaka mfanyakazi akae. Ndivyo baba ya yule muuza karanga alivyofika: kijana kutoka upande wa Mwene-Ditu, na sanduku moja la mbao. Hakuja kunyang'anya mtu kitu. Aliitwa kazini, akapewa namba, akapewa nyundo.

Binti yake alizaliwa kambini mwanzoni mwa miaka ya 1950. Miaka ile kazi ilikuwa nyingi. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yalijengwa juu ya mto Lualaba, umeme ukapatikana, na reli ya upande huu ikaanza kutumia treni za umeme wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado zinachoma makaa ya mawe na kuni. Lakini treni ile ya kisasa ilikuwa na ubaguzi wa zamani. Wazungu walikuwa na mabehewa yao, na Weusi yao. Mtoto wa kambini aliufahamu mstari huo mbele hajajua kusoma.

Mambo ya siasa pia yalipita njiani hapo. Katanga ilipojitenga tarehe 11 Julai 1960, Kolwezi ilibaki mikononi mwa serikali ya Moïse Tshombe mpaka mwisho kabisa. Ni hapa, Januari 1963, kujitenga kulipokwisha na askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia mjini. Baadaye Union Minière ilinyang'anywa mali yake na Gécamines ikazaliwa. Mwaka wa 1974 kampuni za reli za nchi nzima ziliunganishwa kuwa SNCZ, ambayo leo inaitwa SNCC.

Pigo la kwanza kwa gare ya Kolwezi lilitoka nje. Mwaka wa 1975 vita vya Angola vilikata reli ya Benguela. Njia fupi ya kufika baharini ikafungwa, na Kolwezi, ambayo ilikuwa katikati ya safari, ikawa karibu mwisho wa njia. Shaba ikabidi izunguke, ama kusini kupitia Zambia, ama kaskazini mpaka Ilebo, ipakiwe kwenye boti mpaka Kinshasa, ipandishwe treni tena mpaka Matadi. Kisha tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji waliotoka Angola wakateka mji. Mamia ya watu waliuawa, Waafrika na Wazungu, na tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka kutoka angani. Kambo alikuwa mama kijana wakati huo. Anakumbuka kimya cha siku zile: hakuna honi ya mgodi, hakuna honi ya treni. Kwa mtu aliyekulia kambini, kimya hicho kilitisha kuliko bunduki.

Hata hivyo maisha yalirudi. Siku ya treni gare iligeuka kuwa soko la pili la mji. Samaki wakavu walitoka Bukama, kwenye maziwa ya Lualaba. Mahindi, mihogo na mafuta ya mawese yalitoka Kasai. Nguo, sabuni na chumvi zilikwenda upande mwingine. Mama wengi wa Kolwezi walisomesha watoto wao kwa biashara hiyo, na kambo alikuwa mmoja wao. Alijua kila kituo kwa jina na kwa kitu kinachouzwa hapo: Lubudi, Luena, Bukama, Kamina, Kaniama, Luputa, Mwene-Ditu.

Halafu ikafika miaka ya 1992 na 1993.

Uchumi ulikuwa umeanguka. Mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka mwaka wa 1990, na Gécamines, ambayo katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, ilikuwa inateremka. Kufika mwaka wa 1994 haikufikisha hata tani 50,000. Mishahara ilikosekana. Wakati wa namna hiyo watu hutafuta wa kumlaumu, na wanasiasa huwaonyesha. Mwezi wa Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu. Katika Katanga, ambayo wakati huo iliitwa Shaba, gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza na chama chake cha UFERI walikuwa wamekwisha kuhubiri kwamba Wakasai wamekula nafasi za wenyeji. Wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Mtu akikubali jirani yake aitwe mdudu, hatakawia kukubali afagiliwe.

Fujo zilianza Likasi mwaka wa 1992. Machi 1993 zikafika Kolwezi. Vijana walipita nyumba kwa nyumba. Familia zilipewa siku, wengine saa chache. Nyumba zilichomwa ao zilichukuliwa na watu wengine. Makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia mashuleni na kwenye gare, kwa sababu gare ndiyo ilikuwa mlango pekee wa kutokea. Katika jimbo lote waliofukuzwa walizidi laki moja. Wengi hawakuwa wamewahi kuiona Kasai hata siku moja. Walizaliwa hapa, walisema Kiswahili cha hapa, walizika wazazi wao hapa.

Kambo alikaa na watoto wake watano kwenye gare kwa majuma mengi. Walilala kwenye saruji, na baadaye chini ya hema la mifuko ya plastiki. Maji yalikuwa machache, vyoo havikutosha, na wakati wa mvua kila kitu kilielea. Mashirika ya misaada yalifika na dawa na chakula, lakini watu walikuwa wengi. Kila treni iliyosikika iliamsha umati wote, na mara nyingi ilikuwa haiwahusu. Siku zao zilipofika, walipakiwa katika mabehewa ya mizigo, yale yale ambayo baba yake aliwafundisha kuhesabu. Siku hiyo hakuhesabu.

Safari ambayo zamani ilikuwa ya siku mbili tatu iliwachukua siku nyingi. Treni ilisimama porini bila sababu kujulikana. Watu walikufa njiani kwa njaa, kiu na magonjwa, na walizikwa kando ya reli, haraka, mbele injini haijaita. Mtoto wa mwisho wa kambo, msichana wa miaka miwili, ni mmoja wa hao. Alizikwa kati ya Kamina na Kaniama. Hakuna kituo pale. Mama yake alikariri nguzo na miti iliyokuwa karibu, akidhani atarudi kupatafuta.

Ni vizuri kusema na jambo lingine, kwa sababu nalo ni kweli. Si Wakatanga wote walioinua mkono. Wako waliowaficha majirani zao chini ya kitanda. Wako waliotunza funguo na karatasi za nyumba. Jirani wa kambo, mama wa Kilunda, alimletea bukari kwenye gare usiku kwa usiku, na alijua kwamba akionekana anaweza kupigwa. Ndoa za mchanganyiko zilikuwa nyingi. Kuna nyumba ambamo baba alifukuzwa na mama akaambiwa abaki. Mji ulijipasua wenyewe. Na ulipowafukuza mafundi wa treni, walimu, wauguzi na watu wa mgodi, ulijipunguzia nguvu. Mashine zilibaki bila watu waliozijua.

Huko Kasai waliofukuzwa hawakupokelewa kama wafalme. Waliitwa watu wa Katanga. Lafudhi yao ilichekwa, watoto wao hawakujua Kiluba vizuri, mashamba hawakuwa nayo. Ndiyo adhabu ya aliyefukuzwa: kule anakotoka anaambiwa aende kwao, na kule anakopelekwa anaulizwa ametoka wapi. Kambo alivumilia miaka zaidi ya kumi Mwene-Ditu. Migodi ya Kolwezi ilipoanza kufunguliwa tena na kampuni za kigeni, watoto wake wakubwa walitangulia, naye akafuata. Nyumba yake ya zamani ilikuwa na watu wengine. Hakugombana nao. Alimkuta mama wa Kilunda bado yu hai, wakalia pamoja, na kupitia kwake akapata kiwanja kidogo si mbali na reli. Njiani, kati ya Kamina na Kaniama, treni ilipita usiku. Hakuona nguzo wala miti.

Tangu hapo mambo mengi yamegeuka. Mwaka wa 2015 Kolwezi ikawa makao makuu ya jimbo jipya la Lualaba. Kobalti ya hapa inatafutwa duniani kote kwa ajili ya betri. Reli yenyewe ilizeeka. Familia ambazo hazina nauli, na wengi wao ni watu wanaokimbia umaskini wa Kasai na vijiji vya ndani, hupanda juu ya mizigo. Tarehe 10 Machi 2022 treni ya mizigo iliyokuwa inatoka Luena kuelekea Tenke ilianguka Buyofwe, katika teritware ya Lubudi, na watu wapatao 75 wakafa. Mahali hapo hapo, Novemba 2017, treni nyingine iliyobeba mafuta ilikuwa imeua watu zaidi ya 30. Wale wa 2022 hawakuwa na tiketi, kwa hiyo hata kuhesabiwa kwao kulikuwa kwa shida.

Sasa reli imerudi katika midomo ya wakubwa. Upande wa Angola njia ilijengwa upya na marais wakaizindua Luau Februari 2015. Mwaka wa 2018 madini ya Kongo yalianza tena kushuka Lobito kwa treni. Mwaka wa 2022 muungano wa Trafigura, Mota-Engil na Vecturis ulipewa usimamizi wa upande wa Angola kwa miaka 30. Desemba 2024 rais wa Marekani Joe Biden alifika Lobito, na rais Félix Tshisekedi, mtoto wa yule Étienne, alikuwepo. Wanaita mpango huo Njia ya Lobito. Lori linalokwenda bandari za mbali linaweza kutumia majuma mengi barabarani na mipakani. Kwa treni, shaba inafika baharini kwa muda wa siku tu.

Hapo ndipo furaha na woga vinakutana. Wakati treni zilikuwa chache, watu walijenga. Karibu na reli kuna nyumba za matofali, vibanda, makanisa, masoko madogo ya makala na unga. Mwaka wa 2025 shirika la Global Witness liliandika kwamba maelfu ya wakaaji walio karibu na njia hapa Kolwezi wanaweza kuondolewa ili reli itengenezwe. Sheria ya reli inataka nafasi pande zote mbili, na usalama wenyewe unaitaka. Mtoto hapaswi kucheza hatua tatu kutoka behewa la tani nyingi. Lakini wengi waliojenga hapo wanasema waliuziwa viwanja na kupewa karatasi. Tena Kolwezi ni mji unaojua kuhamishwa. Kasulo walihamishwa kwa sababu ya kobalti iliyo chini ya nyumba zao. Cité Gécamines wamehamishwa kwa sababu mgodi umewafikia mlangoni.

Kambo alipopata habari hizo hakwenda kwenye mkutano. Alitoka mlangoni kwake akapima kwa miguu mpaka kwenye chuma cha kwanza. Alipima mara mbili, kwa sababu hatua zake zimekuwa fupi. Kisha akarudi, akachukua sanduku la mbao la baba yake, ambalo lilikwenda Kasai na kurudi, akaweka ndani yake karatasi za kiwanja, kadi ya kuchagua na picha za wajukuu. Mjukuu wake alimuuliza kama wanahama. Akamjibu kwamba hapana, anapanga tu vitu vyake. Lakini usiku ule, kwa mara ya kwanza, alimsimulia habari ya mwaka wa 1993 tangu mwanzo mpaka mwisho, na jina la msichana mdogo aliyebaki njiani.

Kwa wengi hiyo ndiyo haja. Hakuna anayedai treni zisirudi. Kolwezi ilizaliwa kwa reli na itafurahi kusikia honi. Watu wanaomba mambo machache yanayoeleweka. Anayeondolewa aambiwe mapema, alipwe mbele nyumba haijavunjwa, na aonyeshwe mahali pa kwenda penye maji na shule. Treni zinazobeba shaba mpaka baharini ziambatane na treni za watu, zenye viti na tiketi, ili maskini asisafiri tena juu ya mizigo. Na watoto wafundishwe kilichotokea kwenye gare hii, bila kuficha na bila kuchochea, ili wakisikia tena kabila fulani linaitwa wadudu, wajue maneno hayo yanaishia wapi.

Kwa familia zilizotawanyika, zile zilizobaki Mwene-Ditu, Kananga, Mbuji-Mayi, na zile zilizorudi kimya kimya: gare bado iko. Majani yanaota kati ya mataruma, na mama wachache wanauza karanga pembeni. Juma lililopita treni ya mizigo ilipita asubuhi, taratibu, ikielekea Tenke. Kambo alihesabu. Mjukuu wake alihesabu naye, wakapishana kwa behewa moja, wakaanza kubishana. Treni ilikuwa imekwisha kupotea kwenye kona. Bibi akamkatia kipande cha mkate hata hivyo.